HESHIMA YA MKONO UPASUAO JIWE

Aliyepata kufika Mwanza hahitaji kuambiwa kwamba mji huu umejengwa juu ya mawe. Mgeni ashukaye katika uwanja wa ndege, au ashukaye melini bandarini, huyaona kabla hajaona nyumba. Lakini watu wengi, hata sisi wenyeji, huishi kana kwamba mawe hayo yalijipanga yenyewe yakawa misingi, kuta, ngazi na vizuizi vya udongo. Sivyo hata kidogo. Kila jiwe lililonyooka upande mmoja, katika ukuta wa nyumba ya Kirumba, Pasiansi, Nyakato au Buswelu, limepata kupigwa na mkono wa mtu. Ni juu ya mkono huo twataka kusema leo.

Siku chache zilizopita tulipanda kilima kimoja katika wilaya ya Ilemela, upande ule utazamao ziwa. Tulikwenda kwa sababu ya habari tuliyoletewa: kwamba mama mmoja mjane alikuwa akilala na watoto wake chini ya jiwe kubwa lililokuwa limeanza kusogea baada ya mvua kuchukua udongo wa chini yake. Majirani walikuwa wamekwisha kukutana, wakachanga walichoweza, wakamwita fundi. Tulitaka kuona kazi yenyewe, na tulitaka kumwona mwenye kuifanya.

Tulimkuta ameketi kivulini, ubavuni mwa jiwe, akinoa tindo lake. Tulimwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” naye akaitikia kwa upole, kisha akatuuliza habari za tulikotoka kabla hajauliza shida yetu. Umri wake umepita miaka 70. Mabega yake yameinama kidogo, lakini mikono yake ni mipana, na viganja vyake ni vigumu kama soli ya kiatu. Hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Alisema kwamba mawe ya Ilemela yamepasuliwa na watu wengi, na wengi wao wamekwisha kufa bila ya kutajwa, basi si vema yeye peke yake atajwe. Tumeheshimu neno lake.

KWA NINI FUNDI, WALA SI MASHINE

Huenda msomaji akauliza: Katika zama hizi za mashine na baruti, kwa nini jiwe la hatari lingojee mzee mwenye nyundo? Swali hilo ni la haki, nasi tuliliuliza papo hapo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Njia ya kufika pale si barabara. Ni ngazi za mawe zipitazo kati ya nyumba na nyumba, nyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa shida. Hakuna tingatinga liwezalo kupita. Na baruti, ambayo kwa vyovyote hairuhusiwi kutumiwa na mtu asiye na kibali, ingetikisa mawe mengine ya juu na kuvunja kuta za nyumba zilizo umbali wa hatua 10 tu. Palihitajika mkono utakaolipunguza jiwe lile kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini, bila ya kuliamsha.

Na lilikuwa jiwe kweli kweli. Tulilipima kwa hatua na kwa kamba: urefu wake mita 3, upana mita 2, na kimo mita 2 hivi. Mita moja ya ujazo ya jiwe la itale ina uzito wa zaidi ya tani 2 na nusu. Hata tukitoa pembe zilizoviringika, jiwe lile lilipita tani 20. Chini yake, katika chumba cha bati na tofali, mlikuwa na vitanda viwili.

Siku ya kwanza mzee hakupiga nyundo hata mara moja kwa nia ya kupasua. Kwanza alishindilia mawe madogo upande wa chini, akayakaza kwa mtaimbo, mpaka akaridhika kwamba jiwe halitasogea. Kisha alilizunguka, akiligonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, sikio lake limeelekea jiwe. Mahali pazima palilia kama kengele. Mahali palipokuwa na kasoro sauti ilikuwa nzito, kama ya chungu chenye ufa. Baadaye akaagiza ndoo ya maji, akamwaga juu ya jiwe lote, akakaa kungoja. Jua lilipoukausha uso wa jiwe, ulibaki mstari mmoja mwembamba, bado una unyevu, ukikata jiwe mshazari. Mzee akauonyesha kwa kidole. Huo ndio mshipa, alisema. Jiwe lilikuwa limekwisha kusema litakapokubali.

Twaungama kwamba wakati ule tulianza kuona haya. Tulikuwa tumezoea kuita kazi hii “kazi ya nguvu,” kama kwamba yeyote mwenye misuli aweza kuifanya. Kumbe tulichokiona siku ile nzima kilikuwa ni elimu.

JIWE HALIGOMBWI

Siku ya pili kazi ya tindo ilianza. Mzee alichora mstari kwa kipande cha mkaa, akaanza kutoboa matundu kufuata mstari huo, kila tundu mbali na jingine kwa upana wa kiganja, na kina chake kama kidole. Kwa kila pigo moja la nyundo aligeuza tindo kidogo mkononi, ili lisikwame na ili tundu liwe la mviringo. Mjukuu wake, kijana wa miaka ipatayo 20, alikuwa upande wa pili akifanya vivyo hivyo. Mzee hakumtazama, alimsikiliza. Mara mbili alimwambia, bila ya kugeuka, kwamba tindo lake limekuwa butu, na mara zote mbili ilikuwa kweli.

Tindo hilo halinunuliwi dukani likatumika vivi hivi. Chuma chake hutoka katika magari mabovu, kikafuliwa na mhunzi, kikanolewa, kisha kikatiwa moto na maji kwa kipimo. Kikipoa upesi mno huvunjika kama kioo. Kikipoa polepole mno hupinda kama mshumaa. Fundi asiyejua kulitia maji tindo lake, atashinda akikimbilia kwa mhunzi, na siku yake itakwisha njiani.

Matundu yalipokwisha, mzee alitia kabari za chuma, moja katika kila tundu, na kando ya kila kabari akatia vipande viwili vyembamba vya bati gumu ili kabari iteleze na kubana pande zote mbili. Ndipo akaanza kupiga. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga kabari ya kwanza pigo moja, ya pili pigo moja, ya tatu pigo moja, hata mwisho wa mstari, akarudi mwanzo. Kila mzunguko sauti ilipanda, ikawa nyembamba na kali zaidi. Kisha akaweka nyundo chini akaketi. Kijana mmoja miongoni mwa majirani, kwa kuona haraka, akaomba nyundo kubwa ili alimalize. Mzee akamwambia: “Jiwe haligombwi, mwanangu. Ukilipiga kwa hasira litapasuka litakako lenyewe.”

Tukangoja. Baada ya muda tukasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kivunjikacho, na mstari mweusi ukapita kutoka tundu hata tundu. Kipande cha juu cha jiwe kilikuwa kimeachana na kingine, uso wake umenyooka kama meza.

Wataalamu wanajua sababu yake. Jiwe la itale hustahimili sana kubanwa, ndiyo maana huweza kubeba nyumba kubwa bila ya kusagika. Lakini kuvutwa halistahimili: nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kustahimili kubanwa, na pengine chini ya hapo. Kabari, ijapokuwa hupigwa kwenda chini, huusukuma mwili wa jiwe kwenda kando, yaani huuvuta uachane. Basi mzee yule hashindani na nguvu ya jiwe. Hutafuta udhaifu wake. Hilo hakulisoma kitabuni. Alifundishwa na baba yake mdogo, ambaye naye alifundishwa na mwingine.

Iko njia nyingine, nayo ni ya moto. Kuni huwashwa juu ya jiwe au ubavuni mwake kwa muda mrefu, mpaka tabaka la juu litanuke na kubanduka kama gamba. Ndani ya itale mna chembe za jiwe jeupe liitwalo kwatsi, ambazo hutanuka sana zipatapo joto, na zifikapo nyuzi 573 za sentigredi hubadilika muundo wake kwa ghafula. Hapo jiwe hupoteza mshikamano. Mzee huitumia njia hiyo mahali penye nafasi, kwa kuni kidogo. Lakini hakuificha chuki yake juu ya desturi iliyoingia ya kuchoma matairi makuukuu. Moshi wake mweusi huingia nyumba za watu na vifua vya wachomaji, na jiwe lililoungua hivyo, asema, huwa na nyufa za ndani zisizoonekana, halifai kwa msingi. Nyumba ikizama baadaye, atalaumiwa mwashi.

UFUNDI WA KALE, WALA SI UFUNDI WA USHAMBA

Wako watu wadhanio kwamba kupasua jiwe kwa mkono ni dalili ya kubaki nyuma. Na watazame historia. Huko Aswan katika nchi ya Misri, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi walichonga itale kwa kuipondaponda kwa mawe mengine magumu zaidi. Hata leo uko mnara mmoja ulioachwa mle machimboni, urefu wake kama mita 42 na uzito wake zaidi ya tani 1,000. Uliachwa kwa kuwa nyufa zilionekana kazi ikiwa inaendelea. Yaani hata mafundi wa wafalme wa Misri walishindwa pale jiwe lilipokuwa na mshipa walioutambua wakiwa wamechelewa.

Na kusini mwa bara letu, kati ya karne ya 11 na ya 15, Waafrika walijenga Zimbabwe Kuu kwa mabamba ya itale yaliyopangwa bila ya saruji wala chokaa, na kuta zake nyingine zilifika mita 11 kwenda juu. Wakoloni walijaribu kwa miaka mingi kuwanyang'anya Waafrika heshima ya kazi ile, wakadai kwamba ilifanywa na wageni. Ukweli ulishinda. Katika pwani yetu wenyewe, Kilwa na Unguja, waliotangulia walikata mawe ya matumbawe wakajenga misikiti na majumba ambayo dunia nzima huja kuyatazama.

Kwa hiyo mzee wa Ilemela si mabaki ya ujinga, bali ni mwana wa ukoo mrefu wa wajuzi. Mawe anayoyashika ni makongwe kupita hesabu ya kawaida: itale ya Mwanza ilipoa chini ya ardhi kiasi cha miaka bilioni 2 na nusu iliyopita, ikapasuka kwa nyufa zilizosimama na zilizolala, maji yakala nyufa hizo kwa muda usiohesabika, udongo ukachukuliwa, yakabaki mawe yaliyokaa moja juu ya jingine kama yamepangwa na mtoto wa jitu. Jiwe la Bismarck, ambalo Wajerumani walilipa jina la waziri mkuu wao, lilifanyika vivyo hivyo. Na lile la juu ya nyumba ya mjane lilifanyika vivyo hivyo pia, ila lenyewe halikupewa jina wala halikupigwa picha.

FAIDA HUENDA WAPI?

Ilemela ilipotengwa na jiji la Mwanza mwaka 2012 ikawa manispaa yake yenyewe, hesabu ya watu ya mwaka ule ilionyesha wakazi wapatao elfu 343. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya laki 5. Watu hao hawalali hewani. Kila familia mpya huhitaji nyumba, kila nyumba huhitaji msingi, na kila msingi huhitaji mawe na kokoto. Ingefaa basi mpasua mawe awe mtu mwenye nafuu.

Sivyo tulivyokuta. Mpasua mawe hana lori. Hupanga mawe yake kando ya barabara akamngoja mwenye lori, na mwenye lori ndiye asemaye bei. Mvua ikinyesha siku tatu, na ada ya shule ikiwa imewadia, bei hiyo hushuka, wala hakuna wa kuipinga kwa kuwa kila fundi yu peke yake na lundo lake. Hatua chache kutoka pale akina mama waliketi chini ya vipande vya turubai, wakiponda mabaki ya mawe kuwa kokoto, karai baada ya karai. Mkono mmoja hushika jiwe, mwingine hushika nyundo, na vidole vya wengi vina alama.

Tena liko jambo la vumbi. Mzee hukohoa. Hukohoa kikohozi kikavu, akageuka pembeni kwa adabu, kisha akaendelea na maneno yake. Vumbi la itale lina silika ndani yake. Chembe zake ndogo kabisa, zile zisizoonekana kwa macho, huingia mapafuni zikabaki humo, na mapafu hugeuka kuwa na makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe kwa urahisi na kifua kikuu. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yameazimia kuutokomeza duniani ifikapo mwaka 2030. Kitambaa kifungwacho mdomoni hakizuii chembe hizo. Kinachosaidia ni kulilowesha jiwe linapotobolewa, kuketi upande utokao upepo, na kuvaa barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maji yako ziwani, tena karibu. Lakini kuyapandisha kilimani kwa ndoo ni kazi nyingine, na barakoa hununuliwa kwa fedha. Mwenye kikohozi cha muda mrefu asingoje: matibabu ya kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bila malipo.

Twasema pia juu ya watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 14, na imekataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa migodini. Nyundo si mchezo wa kumwondolea mtoto uvivu wakati wa likizo. Mzee mwenyewe alitwambia kwamba mjukuu wake hakushika tindo mpaka alipomaliza shule.

MZEE HANA FUNGU

Sasa tufikie penye uzito. Mzee huyu amefanya kazi zaidi ya miaka 50. Hakuwa na mwajiri, basi hana pensheni. Hakuwa mwanachama wa mfuko wowote wa hifadhi, kwani katika ujana wake hakuna aliyemfikia kilimani kumwambia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mtu kuwa mzee atimizapo miaka 60, na husema kwamba wazee ni hazina ya ujuzi. Maneno hayo ni mema. Lakini hazina isiyofunguliwa haimlishi mtu.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mwema, nasi tunauunga mkono. Lakini hesabu yenyewe yaonyesha wazi kwamba mzee wa kiume mwenye nguvu za kufanya kazi hana fungu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mkulima au mvuvi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina bado mpango wa namna hiyo kwa wazee wote. Ndugu zetu wa Visiwani wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Yatupasa tulizungumze kwa moyo mweupe, katika vikao vya tawi hata vya taifa.

Hata hivyo si mlango kila mmoja uliofungwa. Upo mmoja ambao wengi hawaujui. Sheria za ununuzi wa umma zimeagiza kwamba asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa vikundi vya makundi maalumu, na humo wazee wametajwa pamoja na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na umma unanunua mawe! Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwa mbele, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Katika vilima vya Mwanza barabara za mawe zimejengwa mahali ambapo lami ingechukuliwa na maji ya mvua. Barabara ya namna hiyo haihitaji kokoto ya mashine. Huhitaji jiwe lenye uso ulionyooka, lililochongwa na mtu ajuaye mshipa.

Basi twaona njia iliyo wazi. Kwanza, mafundi wa mawe na akina mama wa kokoto wajiunge katika ushirika, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iwaruhusuvyo, waweke bei moja, na waombe leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kwa sheria ni haki ya raia wa Tanzania peke yao. Fundi mmoja na lundo lake ataonewa na mwenye lori. Mafundi 30 wenye lundo moja wataulizwa bei yao. Pili, vijana wakikopa fedha za halmashauri wamweke mzee awe mwalimu wa kikundi, apate fungu lake kwa kufundisha, wala si kwa kuhurumiwa. Tatu, Mamlaka ya VETA, iliyoundwa mwaka 1994, ina mpango wa kuupima na kuurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya chuo. Waashi na maseremala wengi wamepata vyeti kwa njia hiyo. Mpasua jiwe naye apimwe. Mzee wetu hahitaji cheti cha kutundika ukutani. Mjukuu wake ndiye akihitajiaye, ili kesho akiomba kazi ya daraja asiambiwe kwamba hana elimu.

Tumesikia hoja ya wale wasemao kwamba mashine za kusaga kokoto zimekwisha kuimaliza kazi hii. Sisi hatuzipingi mashine. Majengo marefu na reli haviwezi kungoja karai za akina mama. Lakini mashine humeza kila jiwe sawasawa, haichagui. Vilima vyetu vinahitaji mchaguzi. Liko jiwe ambalo likiondolewa kilima chote hushuka, na liko jiwe ambalo lisipoondolewa huua. Yako mawe yaliyo uso wa mji huu, makao ya pimbi na ya yule mjusi mwenye kichwa chekundu ambaye wataalamu wamempa jina la Mwanza yenyewe, Agama mwanzae. Ajuaye kutofautisha ni yule aliyeshinda miaka 50 ameliwekea jiwe sikio.

NANI ATAITWA?

Mzee aliwahi kuwa na wanafunzi wanne. Wawili wameendesha pikipiki za abiria, mmoja amekwenda Geita kutafuta dhahabu. Hakuwalaumu. “Kijana lazima ale,” alisema, akatia kabari nyingine. Amebaki mjukuu peke yake, naye alitwambia kwa siri, tulipokuwa tukiteremka kuchota maji, kwamba rafiki zake humcheka kwa kushinda na babu yake juani, na kwamba amekwisha kufikiri kuacha. Tulimwuliza kwa nini hajaacha. Akasema: “Nikiacha, babu atapanda peke yake.”

Jibu hilo limetukaa moyoni. Ni jibu la mtoto mwema, lakini taifa haliwezi kuuwekea ufundi wake msingi juu ya huruma ya mjukuu mmoja. Katika vilima vya Mwanza nyumba zimepanda mpaka kwenye mawe, na mvua za vuli na za masika huja kila mwaka. Siku jiwe jingine likisogea juu ya kitanda cha mtoto mwingine, na majirani wakachanga, watamwita nani?

Kazi ile ilichukua siku tisa. Kila jioni jiwe lilikuwa dogo kuliko asubuhi. Vipande viliteremshwa kwa mikono na kwa kamba, na siku ya mwisho mtaimbo ulinyanyua kile cha chini kabisa kikaviringika pole pole mpaka mahali kilipotengewa. Hakuna bati lililotoboka. Mama mwenye nyumba hakusema mengi, alileta uji katika sufuria kubwa, akamkaribisha fundi kwanza kwa mikono miwili, akipiga magoti kwa desturi ya kwao, akasema, “Wabeja sana, baba.”

Mzee alipokwisha kunywa alisimama, akavitazama vipande vilivyorundikwa uani, akaanza kuvitenga: hivi vya pembeni, hivi vya katikati. Tulidhani anavihesabu apate kuuza. Alikuwa anampangia mama yule ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, ili masika yajayo yasilete jingine. Alimwita mjukuu wake, akampa nyundo ndogo, akamwambia agonge kila kipande kimoja kimoja na aseme kwa sauti kipi kizima na kipi kina ufa. Yeye mwenyewe akaketi, akageuka pembeni akakohoa, kisha akafumba macho asikilize.

Ndugu wanachama na wafanyakazi wa Ilemela: madiwani wenu mnawajua, maofisa ushirika mnawajua, na vilima mnavipanda kila siku. Lipelekeni jambo hili katika mkutano ujao wa mtaa, kabla ya mvua.